Kumalizia Kompyuta ya Kijana: Nunueni kwa Mpango

Zipo nyumba za askari ambamo kijana, kidogo kidogo, amejiundia kompyuta ya kuchezea michezo. Kasha analo, ubao mkuu anao, na prosesa amekwisha kuipata. Vilivyobaki vitategemea mshahara wa baba au mama. Kaskazini mwa Cabo Delgado, ambako shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021 liliwafanya maelfu ya watu waache nyumba zao, kila metikali ina kazi nyingi. Kipuri kisicholingana na vingine ni fedha iliyotupwa. Basi tuvipitie kimoja kimoja, tukichukua mfano wa prosesa ya AMD Ryzen 5 5600.

Kwanza, kumbukumbu. Prosesa hiyo hukaa katika soketi ya AM4, nayo hutumia kumbukumbu za DDR4. Zile za DDR5 zina pini 288 kama hizo, lakini pengo lake liko mahali pengine. Hazitaingia hata zikisukumwa. Vipande viwili vya gigabaiti 8 hufanya kazi upesi kuliko kimoja cha 16.

Pili, kadi ya picha. Prosesa hiyo haitoi picha yenyewe. Bila kadi, kioo kitabaki cheusi. Ambaye hajanunua prosesa, na fedha ya kadi hana, afadhali achukue 5600G, ambayo hutoa picha. Kadi itafuata baadaye.

Tatu, kisanduku cha umeme. Hapa wengi hubana matumizi, na hapa ndipo hasara huanzia. Prosesa imepangiwa wati 65, na kadi ya Radeon RX 6600 wati 132. Kisanduku imara cha wati 450 chatosha. Kilicho hafifu, hata kikiandikwa namba kubwa ubavuni, chaweza kuungua na kuuharibu ubao pamoja nacho.

Nne, diski. Chagueni ile isiyo na sehemu izungukayo. Ni ya kasi zaidi, tena huvumilia mitikisiko ya barabara, jambo la maana kwa familia ihamishwayo kituo mara kwa mara. Kabla ya safari, kadi ya picha ichomolewe, kwani uzito wake waweza kuivunja soketi yake.

Baada ya hayo, pwani ina masharti yake. Hewa ya bahari hubeba chumvi, nayo hutafuna pini. Kasha lisikae mkabala wa dirisha lielekealo baharini. Lisiwekwe sakafuni pia: waliokumbwa na kimbunga Kenneth, tarehe 25 Aprili 2019, wanajua jinsi maji yaingiavyo nyumbani. Umeme ukikatika, chomoeni waya, na msubiri utulie urudipo.

Kijana na aandike orodha ya vipuri vyote, pamoja na aina ya soketi na jumla ya wati. Mzazi aisome kabla ya kutoa fedha. Haraka haraka haina baraka.