Tovuti za utalii Kilimanjaro: Mandhari inayong'aa si lazima iwe inayofaa

MGENI anayetaka kupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Rongai huianza safari yake miezi kadhaa kabla ya kufika Tarakea. Akiwa kwake Ulaya au Marekani, simu mkononi, hufungua tovuti tano au sita za kampuni zinazopandisha watalii, hulinganisha bei na idadi ya siku, kisha huandika maulizo kwa mbili au tatu kati ya hizo. Tovuti iliyochelewa kufunguka huachwa papo hapo, na mwenye kampuni hapati hata fununu kwamba mteja alibisha hodi akaondoka.

Kwa wakazi wa Tarakea jambo hili si dogo. Mji huo wa mpakani, ulioko Wilaya ya Rombo mkoani Kilimanjaro, ndio wenye lango la Nalemoru kwa jirani, ambako njia ya Rongai huanzia. Ni njia inayoupanda mlima kutoka upande wa kaskazini, na wanaoipita huteremkia Marangu. Magari yanayoleta wageni kutoka Moshi hupitia Himo na Mkuu, hufika langoni, hushusha watu na mizigo, yakageuza. Mapatano ya bei huwa yamekwisha kufanyika mbali, mara nyingi kupitia mawakala ambao nao huchukua sehemu yao. Mwongoza watalii au mwenye nyumba ya wageni wa Tarakea anayetaka kuzungumza na mgeni moja kwa moja hana budi kuwa na tovuti yake mwenyewe, tena inayofanya kazi.

Kuipata tovuti hiyo kumekuwa rahisi kuliko zamani. Programu ya WordPress, iliyoanza kutolewa bure mwaka 2003, ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya tovuti za namna hii. Juu yake huongezwa kijenzi cha kurasa, yaani programu ya nyongeza inayomwezesha mtu asiyejua kuandika misimbo kupanga picha, maandishi na vitufe kwa kuvivuta na kuviweka anapotaka. Kinachotajwa zaidi ni Elementor, kilichotoka mwaka 2016. Beaver Builder kilikitangulia kwa miaka miwili, na WPBakery ni cha zamani zaidi.

Hata hivyo, kijenzi hakifanyi kazi peke yake. Kila tovuti ya WordPress huwa na mandhari, ambayo ndiyo huamua umbo la jumla: upana wa kurasa, aina na ukubwa wa herufi, rangi, menyu ya juu na sehemu ya chini. Kwa mfano wa nyumba, mandhari ni msingi, kuta na paa, na kijenzi ni fundi anayepanga vyumba. Matatizo huanza pale msingi unapotaka kupanga vyumba, au fundi wa vyumba anapotaka kuezua paa.

Mgongano huo una dalili zake. Ukurasa uliopangwa kutandaa kioo kizima hujikuta umebanwa katikati, kwa sababu mandhari imeweka kikomo cha upana au imetenga nafasi ya safu ya pembeni. Kichwa cha habari hutokea mara mbili, kimoja cha mandhari na kingine cha kijenzi. Rangi ya kijani iliyochaguliwa kwenye kijenzi hugeuka buluu kwenye kitufe cha kutuma maulizo, maana mandhari nayo ina kauli yake kuhusu vitufe. Mwenye tovuti hurekebisha huku, pakaharibika kule, akadhani kompyuta yake ina kirusi.

Kwa sababu hiyo, mpangilio wa maamuzi unaofaa ni kinyume cha ule uliozoeleka. Wengi huanza kwa kuipenda mandhari, wakainunua, ndipo wakatafuta kijenzi. Aliyekwisha amua kutumia kijenzi anapaswa kukichagua hicho kwanza, kisha atafute mandhari ambayo watengenezaji wake wametangaza waziwazi kwamba inakubaliana nacho, inayoruhusu kuondoa kichwa cha habari na safu ya pembeni katika kila ukurasa, na inayofanya mambo machache.

Machache kiasi gani? Hapo hutegemea mfuko. Katika Elementor, uwezo wa kutengeneza menyu ya juu na sehemu ya chini ya tovuti nzima umo katika toleo la kulipia. Aliyenunua toleo hilo anaweza kutumia mandhari tupu kabisa kama Hello, iliyotengenezwa na kampuni hiyo hiyo, kwa kuwa kila kitu atakijenga kwa kijenzi. Anayetumia toleo la bure hujenga katikati ya ukurasa tu, hivyo anahitaji mandhari yenye mipangilio mizuri ya menyu, kama Astra, GeneratePress au Kadence. Zote tatu hupatikana bure na zina sifa ya wepesi. Kumpa mtu wa toleo la bure mandhari tupu ni kumwachia nyumba isiyo na mlango wa mbele. Kosa hili hufanywa hata na mafundi wanaolipwa.

Kuna pia mandhari zinazokuja na vijenzi vyake. Divi, iliyotolewa na Elegant Themes mwaka 2013, na Avada, inayouzwa katika soko la ThemeForest, ni mifano miwili maarufu. Aliyechagua mojawapo hana sababu ya kuongeza Elementor juu yake, kwani vijenzi viwili katika tovuti moja humpakulia mgeni mizigo miwili kwa kazi moja.

Jambo linalosahaulika zaidi ni siku ya kuhama. Biashara hubadilika, bei za leseni hupanda, fundi huondoka. Kijenzi kikizimwa, nini hubaki katika kurasa? Beaver Builder huacha maandishi na picha katika hali inayosomeka. Elementor nacho huacha maandishi, ingawa mpangilio hupotea. WPBakery, pamoja na matoleo ya Divi kabla ya lile la tano, huacha kurasa zilizojaa misimbo mifupi ndani ya mabano ya mraba, ambayo mgeni huiona kama uchafu. Kampuni yenye kurasa 60 za njia, bei na mbuga italazimika kuzisafisha moja baada ya nyingine.

Zipo mandhari zinazouzwa zikiwa zimefungashiwa programu za nyongeza, na mnunuzi hufurahi kwamba amepata vingi kwa bei moja. Furaha hiyo ilikuwa na gharama mwaka 2014. Slider Revolution, programu ya picha zinazopishana zenyewe, ilikutwa na tundu la usalama, na ilikuwa imefungwa ndani ya mandhari nyingi bila wenye tovuti kufahamu. Marekebisho yalikuwapo, lakini aliyepata programu hiyo kupitia mandhari alipaswa kumsubiri mtengenezaji wa mandhari ayapeleke. Desemba mwaka huo, mashambulizi yaliyojulikana kwa jina la SoakSoak yaliziingia tovuti zaidi ya 100,000 duniani. Hatari ni kubwa zaidi kwa mandhari za kulipia zinazogawiwa bure na watu wasiojulikana. Hizo hazipati marekebisho rasmi, na mara nyingi huwa zimepachikwa misimbo ya kumfungulia mwizi mlango.

Upande mwingine wa shilingi ni uzito. Mtandao wa Tanzania umekua tangu mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilifikisha huduma ya intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Lakini mwenye tovuti aliyeko Tarakea mara nyingi huihariri kwa simu na kwa kifurushi anachokinunua mwenyewe, na mgeni wake naye huenda anaisoma ndani ya treni. Mandhari inayopakia video, aina sita za herufi na picha zinazojigeuza kabla ya kuonyesha bei humtoza kila mmoja wao.

Kipimo kipo na hakilipiwi. Google inayo huduma ya PageSpeed Insights, ambapo mtu huandika anwani ya tovuti na kupewa matokeo ya simu na ya kompyuta kila moja peke yake. Kiwango kinachohesabiwa kuwa kizuri ni sehemu kubwa zaidi ya ukurasa kuonekana ndani ya sekunde 2.5. Anayetaka kununua mandhari anaweza kuipima tovuti ya maonyesho ya muuzaji kabla ya kutoa hata senti, akitazama matokeo ya simu. Maonyesho hayo hupambwa kwa ustadi. Yakishindwa hata yenyewe, tovuti ya mnunuzi haina matumaini makubwa.

Jaribio la pili huchukua saa moja hivi. Katika nakala ya majaribio ya tovuti, mwenye biashara aweke mandhari na kijenzi alichokusudia, kisha atengeneze ukurasa mmoja wa kweli: safari ya siku saba ya Rongai, kutoka Nalemoru kupitia kambi za Simba, Kikelelwa na Mawenzi Tarn hadi Kibo, kileleni Uhuru kwenye mita 5,895, na kurudi kwa Horombo hadi Marangu. Aweke jedwali la siku, bei, picha nne na fomu ya maulizo. Aufungue kwa simu ya bei nafuu, si ya fundi. Ajitumie maulizo na kuona kama yamefika. Baada ya hapo azime kijenzi, atazame kilichobaki; kisha akiwashe tena na kubadili mandhari, atazame kilichovunjika.

Ni haki kusema pia kwamba wapo wasiohitaji kijenzi chochote. Tangu Desemba 2018, toleo la 5.0 la WordPress lina kihariri cha vitalu, na tangu Januari 2022 toleo la 5.9 linaruhusu mandhari zilizotengenezwa kwa vitalu kupangwa zote kwa kihariri hicho, menyu ya juu ikiwamo. Nyumba ya wageni yenye vyumba vinane, bei mbili na namba ya simu inatosheka na hicho. Ila anayechagua njia hiyo asiichanganye na Elementor, kwa sababu mandhari ya vitalu nayo hutaka kushika menyu ya juu, na ule ugomvi wa fundi na msingi huanza upya.

Kwa anayemlipa fundi wa Moshi au Arusha amjengee, yapo mambo ya kuandikwa katika mapatano kabla ya malipo ya kwanza: jina la mandhari na la kijenzi, leseni zisajiliwe kwa barua pepe ya mwenye biashara, tarehe za kuzihuisha, na nywila ya msimamizi mkuu ikabidhiwe siku tovuti inapofunguliwa. Leseni nyingi za namna hii hulipiwa kila mwaka. Ikiisha, kurasa huendelea kuonekana lakini marekebisho ya usalama ya toleo la kulipia husimama, na ujumbe wa kukumbusha huenda kwenye barua pepe iliyosajiliwa.