Kwa Nini Kagari Kadogo ka Siti Mbili Kanabamba Kuliko Ndai ya Turbo

Cheki hii. Kuna gari ya Japani yenye siti mbili pekee, haina turbo, buti inameza mikoba miwili midogo halafu inajaa, na Subaru ya beshte yako itaiacha kwa mlima bila kutoa jasho. Bado mwaka wa 2000 Guinness waliitambua kama gari ya spoti ya siti mbili iliyouzwa zaidi duniani, na Aprili 2016 ile ya milioni moja ikatoka kiwandani. Inaitwa Mazda MX-5. Wajapani wanaijua kama Roadster, Wamarekani wanaiita Miata.

Sasa hao wasee milioni moja waliona nini?

Anza na uzito, maana hapo ndipo siri imelala. Roadster ya sasa, ile ya msingi iliyoingia soko la Japani 2015, ina kilo 990. Manze, hiyo ni nyepesi kushinda Probox. Injini yake ni ya 1.5 na inatoa nguvu za farasi kama 130. Weka farasi 130 kwa Prado ya tani mbili na hiyo ni matanga. Waweke kwa kilo 990 na kila ukikanyaga mafuta gari inaitika saa hiyo hiyo.

Lakini raha yenyewe iko kwa kona. Gari yoyote ikiingia kona, uzito wake unataka kuendelea moja kwa moja, na ni tairi ndizo zinapigana kuirudisha kwa laini. Uzito ukipungua, vita inapungua. Ndio maana Roadster haihitaji tairi pana za bei ya kutisha. Na tairi nyembamba zina kitu kizuri ambacho wasee wengi hawajui: zinaanza kulia mapema na zinaachilia barabara polepole. Gari inakuambia "buda, tunakaribia mwisho" kabla mwisho haujafika. Gari nzito yenye tairi pana hunyamaza, hunyamaza, halafu ghafla uko kwa mtaro.

Kitu kingine ni kugawana kazi. Kwa Vitz au Golf GTI, tairi za mbele zinavuta gari na wakati huo huo zinakata kona. Kwa Roadster, za nyuma zinasukuma, za mbele zinabaki na kona tu. Injini imekalishwa nyuma ya ekseli ya mbele, kwa hivyo uzito unakaribia nusu mbele, nusu nyuma. Halafu kuna mhimili wa alumini unaounganisha giaboksi na difu moja kwa moja, ili ukikanyaga mafuta kusiwe na kitu cha kujipinda hapo katikati kabla nguvu ifike kwa tairi. Mazda wanaita hiyo filosofia jinba ittai, yaani farasi na mpandaji kuwa kitu kimoja. Inasikika kama maneno ya matangazo, lakini kama umewahi kuendesha go-kart, unajua wanamaanisha nini.

Na unakaa chini. Chini sana. Bodaboda akisimama kando yako kwa taa, yeye ndiye anakuangalia kutoka juu. Ukiwa hapo chini na rufu imefunguliwa, 60 inahisi kama 100.

Hapo ndipo hii story inatuhusu sisi. Expressway ya Nairobi mwisho ni 80. Mjini ni 50. Ukitoka kwa barabara kuu ya laini mbili mbili, 110. Gari ya farasi 300 inamaliza hizo namba zote kwa sekunde chache, na baada ya hapo uko na chaguo mbili: uboeke, au uvunje sheria. Roadster unaweza kuivuta gia ya pili hadi injini ilie kabisa na bado hujafika 110. Unachapa klachi, unabadilisha gia kwa mkono, unatumia gari yote. Ile nyingine unatumia robo, na siku ukijaribu hiyo robo tatu iliyobaki kwa barabara yenye lori, punda na mathree imesimama bila taa, mbogi yako inachangisha za hospitali. Watu zaidi ya 4,000 wamekuwa wakifa kwa barabara zetu kila mwaka miaka ya hivi karibuni, na hakuna turbo imesaidia hata mmoja.

Usidhani Wajapani ndio waliota hii kitu. Waingereza walikuwa wanatengeneza vigari kama hivi kitambo, MG, Triumph na Lotus Elan. Vilikuwa vitamu barabarani, lakini vilivuja mafuta na asubuhi ya baridi vingine vilikataa kuwaka. MGB ilikufa 1980. Karibu na wakati huo, mwandishi wa magari wa Marekani anayeitwa Bob Hall, aliyejua Kijapani, alikuwa amemwambia Kenichi Yamamoto wa Mazda kwamba dunia bado inataka kagari rahisi, kepesi, ka rufu ya kufungua. Miaka ikapita. Februari 1989, kwa maonyesho ya magari ya Chicago, MX-5 ikatokea na farasi 116 na bei ya dola 13,800. Watu wakapiga foleni. BMW, Mercedes na Porsche wakaja na zao baadaye, za doo nyingi zaidi. (Marekani wengine waliicheka eti ni gari ya wasusi. Wasusi walikuwa na akili.)

Honda nao 1991 walitoa Beat, injini ya 656cc imewekwa nyuma ya siti, kilo 760. Kuliko hapo sasa ni pikipiki.

Kwa hivyo unaweza kuileta Kenya? Usukani uko kulia tayari, hiyo si shida. Shida ni sheria ya miaka minane: ile ya 1989 yenye taa za kuinuka, ambayo kila mtu anaitamani, haiingii kama gari ya kawaida ya mtumba. Unabaki na hii ya sasa. Hapo cc ni muhimu, kwa sababu ushuru wa bidhaa unapanda ukivuka 1,500cc. Ile ya rufu ya kitambaa kutoka Japani ina 1,496cc, iko ndani kwa nywele. Ile ya rufu ngumu, RF, inakuja na 2.0, kwa hivyo imetoka nje. Piga hesabu ya KRA kabla hujatuma hata thao kwa muuzaji wa Yokohama.

Na ukweli usemwe: haifai kuwa gari pekee kwa keja yenye watoi. Nyanya hawezi kupanda akitoka shags na gunia la viazi. Matuta ya mtaa yatakufunza kupita kwa pembe, tairi moja moja. Spea za bodi si za kuokota Kirinyaga Road asubuhi, utaagiza na ungoje.

Ukipata ya kununua hapa nchini, inua rufu na umwage maji juu yake, kisha guza kapeti nyuma ya siti. Kama imelowa, mifereji ya rufu imeziba, na maji yamekuwa yakilala ndani ya bodi. Lala chini ucheki kutu chini ya milango, hasa karibu na tairi za nyuma. Halafu mwambie mwenyewe akupeleke mahali penye kona, na redio izimwe.