Akiba Inayoweza Kuoza

Wahenga walisema, Akiba haiozi. Walisema vema, lakini wao hawakuwa na picha za arusi ndani ya diski. Akiba ya namna hiyo huoza, tena huoza kimya kimya, na mwenyewe hana habari mpaka siku anapoitaka.

Hapa kwetu Mazinde, chini ya milima ya Usambara, pana kisanduku cheusi juu ya kabati la mama. Ukubwa wake ni kama kitabu kinene. Kaka yetu mkubwa alikileta kutoka Dar es Salaam mwaka 2013. Ndani yake mna diski moja, na nyuma pana tundu la waya unaokwenda kwenye ruta. Mafundi hukiita NAS. Kila simu na kila kompyuta ya nyumbani yaweza kuweka vitu vyake humo na kuvichukua tena. Kwa kifupi, ni ghala ya nyumba nzima.

Katika ghala yetu mna picha za arusi tatu, vyeti vya shule vya watoto, na hesabu za duka dogo la mama. Tena mna sauti ya marehemu baba, dakika 40, akisimulia jinsi alivyokata mkonge alipokuwa kijana. Sauti hiyo ilikuwa haipo mahali pengine po pote.

Basi, kisanduku kikaanza kupotea. Asubuhi kipo, adhuhuri hakipo. Ukikizima na kukiwasha hurudi, kisha hupotea tena. Mama alisema, "Kimezeeka kama mimi, kipumzisheni." Mdogo wangu alitaka kukifuta chote na kukianza upya, maana alisikia kwamba ndiyo dawa. Namshukuru Mungu hakupata nafasi.

TOA MALI KWANZA

Tulimwita fundi kijana kutoka Mombo. Akaingia, akasalimu, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Utaweza kukitengeneza?"

"Nitajaribu, mama. Lakini kwanza nambieni: vitu vilivyomo humu vina nakala mahali pengine?"

Tukatazamana. Hakuna aliyejibu.

"Basi leo sitengenezi kitu," akasema. "Nyumba ikifuka moshi, watu hawaanzi kuuliza moto umetoka wapi. Hutoa watoto kwanza."

Akaleta diski nyingine ya nje, akaanza kunakili kila kisanduku kilipoamka. Alianza na kile kisichoweza kupatikana tena, yaani sauti ya baba. Kisha picha, kisha hesabu. Kazi hiyo ilichukua siku tatu. Wengi wetu hukosa hapo. Diski ya namna hii huzunguka mara 5,400 au zaidi kwa dakika moja, na ikiisha kuchakaa, kila kuwashwa kwake kwaweza kuwa kwa mwisho. Tena visanduku vingine, ukivirudisha katika hali ya kiwandani, hufuta kila kitu kilichomo.

DAFTARI LA SENTI CHACHE

Neno lake la pili lilitushangaza. Alitaka daftari la shule na kalamu. "Kila kikipotea, andikeni siku, saa, taa zake zilivyokuwa, na kama umeme ulikatika." Mama alicheka, akasema, "Kweli, mali bila daftari hupotea bila habari."

Tuliandika majuma mawili. Tulipoyasoma maandiko yetu, tuliona jambo ambalo hatukulidhania: magonjwa yalikuwa mawili, wala si moja. Mara nyingine kisanduku kilianguka mtu alipofungua kitu kikubwa, na taa zake zote zilizimika na kuwaka tena. Mara nyingine taa ziliwaka vizuri, lakini kompyuta hazikukiona. Na hiyo ilitokea sikuzote baada ya umeme kukatika na kurudi.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa adapta, yaani kile kidude cha kwenye soketi. Imeandikwa volti 12. Fundi aliipima kwa multimeta: diski ilipotulia ilitoa karibu volti 12, lakini diski ilipoanza kuzunguka ikashuka hata kukaribia 10. Ndani ya adapta mna vipande viitwavyo kapasita, navyo hukauka kwa joto. Mafundi hukadiria kwamba kila joto likizidi nyuzi 10 za Selsiasi, maisha ya kapasita hupungua nusu. Na ninyi mwalijua joto letu la bondeni, chini ya bati! Tulinunua adapta nyingine. Angalieni hapa: volti ziwe zile zile, plagi iwe ile ile na chanya na hasi zisigeuzwe, na ampia zisiwe chini ya zile za kwanza.

Ugonjwa wa pili ulikuwa anwani. Ruta hukiazima kila kifaa anwani yake. Umeme ukirudi, vifaa vyote hukimbilia kuomba anwani kwa pamoja, na pengine simu ya mtoto hupewa ile iliyokuwa ya kisanduku. Kompyuta hubisha hodi kwenye mlango wa zamani, na aliyemo ni mwingine. Dawa yake haina gharama: fundi aliingia katika mipangilio ya ruta, akakiwekea kisanduku anwani yake ya kudumu.

KAMA CHAKO KINA DALILI NYINGINE

Kwanza tazama waya. Kishikizo cha plagi kikivunjika, waya hulegea. Panya nao huutafuna. Jaribu waya mwingine unaojua kuwa ni mzima, kisha tundu jingine la ruta. Lakini badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadili vitatu pamoja, hutajua ni kipi kilichoponya.

Ikiwa kompyuta ya zamani inakiona lakini mpya haikioni, huenda hawasikilizani lugha. Visanduku vingi vya zamani husema lugha iitwayo SMB1. Kirusi cha WannaCry kilipoenea duniani mwezi Mei 2017, kilipitia kasoro ya lugha hiyo, na tangu Oktoba mwaka ule ilianza kuondolewa katika Windows 10 mpya. Usikimbilie kuirudisha. Uliza kwanza kama kisanduku chako chaweza kupata programu mpya.

Wala usikifungulie kisanduku kizee mlango wa intaneti. Mwezi Juni 2021 watu wengi wa nchi mbalimbali waliokuwa na visanduku vya My Book Live waliamka na kuviona vitupu. Wahalifu walivifuta kutoka mbali. Programu yake ya mwisho ilikuwa ya mwaka 2015. Cha zamani kikae ndani ya nyumba tu.

Mwisho, tazama taarifa ya afya ya diski katika mipangilio yake. Ukiona hesabu ya sehemu mbovu inaongezeka kila juma, usitafute ufundi. Nunua diski nyingine.

GHALA TATU

Kisanduku chetu kinafanya kazi hata leo, lakini hatukitegemei peke yake. Nakala moja imo humo, ya pili imo katika diski ndani ya sanduku la bati la mama, na ya tatu iko kwa kaka Dar es Salaam. Wezi wakija, au nyumba ikiungua, moja itabaki.

Siku ile fundi alipomaliza, mama aliomba kusikia ile sauti. Alikaa akasikiliza dakika zote 40. Kisha akasema, "Sasa hata kisanduku kikifa, yeye hafi mara ya pili."

Ndugu msomaji, nawe una sauti ya nani, na iko mahali pangapi? Kama ni pamoja tu, usingoje kisanduku kianze kupotea. Nakili leo jioni, kabla ya kulala.