Ndoo ya Mwana Kupona

Majuzi arusi ya jamaa ilinipeleka Nakuru, nami pwani nimezoea jasho, si baridi ile. Pande zile hazina uhaba wa elimu. Egerton kiko Njoro, kilianza mwaka 1939 kuwa shule ya ukulima ya vijana wa Kizungu, kikawa chuo kikuu mwaka 1987. Kabarak nacho hakiko mbali. Mwenyeji wangu husomesha fasihi ya Kiswahili katika chuo kimoja cha huko, ambacho nakisitiri jina.

Nilimkuta na rundo la insha 120 juu ya Utendi wa Mwana Kupona.

"Ustadh, nisomee tatu, zozote uzipendazo," akaniambia.

Nikasoma. Lugha ilinyooka kama barua ya serikali. Lakini zote tatu zilidai kuwa Mwana Kupona alimuusia mwanawe wa kiume! Msomaji wa pwani hana haja ya kuambiwa kuwa bibi yule, mkewe Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, mwaka 1858, naye mgonjwa.

Insha ziliandikwa na mashine. Akili unde (wenzetu wa Tanzania husema akili mnemba) imeenea tangu mwisho wa mwaka 2022, ilipotolewa programu ya ChatGPT. Mashine hiyo imelishwa maandishi mengi mno, nayo hukisia neno lipi lafuata lipi. Kwa Kiingereza imekula ikashiba. Kwa Kiswahili imepata makombo, na Kiamu ni kama haikuonja. Isipojua hutunga, wala sauti haiitetemeki.

Mwenyeji wangu kwanza alipiga marufuku, na marufuku hayakusikizwa. Kisha akajaribu programu idaiyo kuwafichua wadanganyifu. Ikamnyoshea kidole binti mmoja aliyeandika insha yake kwa kalamu, mbele ya macho yake mwenyewe. Akaiacha siku ile ile.

Sasa amefanya hivi. Insha waandike watakavyo, hata kwa mashine, ila kila mmoja aje mbele yake na utendi mkononi, asome beti atakazoonyeshwa, aeleze neno kwa neno, kisha aonyeshe mashine ilipokosea. Nilicheka nilipomsikia. Si ndivyo tulivyosoma chuoni sisi? Hapana mtoto aliyevuka juzuu kwa sababu nduguye aliijua. Ulikaa kitako mbele ya mwalimu, ukasikizwa, na ukikosea harakati moja ulirudishwa nyuma. Mwalimu wangu hakupata kusahihisha karatasi maishani mwake, na alijua kiasi cha kila mmoja wetu.

Niliruhusiwa kuketi pembeni. Akaingia kijana wa Molo, kwao walima viazi, ambaye insha yake ilikuwa imepata alama 70. Akaulizwa neno "ndoo".

"Ni chombo cha kutekea maji, Mwalimu."

"Bibi amwita bintiye karibu yake, kisha ataja ndoo ya maji?"

Kijana akanyamaza. Alama 70 zikafutwa, akapewa siku tatu.

Nilidhani hatarudi. Kumbe alishuka mtaa wa Bondeni mjini, akauliza hata akaelekezwa kwa bibi mmoja wa Lamu aliyeolewa huko. Siku ya tatu alisimama akatuambia kuwa kwa Kiamu "ndoo" ni njoo. Kisha akasoma beti kumi kwa mahadhi aliyofunzwa na yule bibi, mahadhi ya kwetu hasa, katika kinywa cha mtu wa Molo. Mimi nilijifuta macho kwa kisingizio cha vumbi.

Lakini hesabu ina ukali wake. Wanafunzi 120, dakika kumi kila mmoja, ni saa 20, na hilo ni somo moja katika manne anayofundisha. Hapana amlipaye kwa saa hizo. Nilipomuaga alikuwa amewasikiza 31. Mlangoni walikuwa wamepanga foleni, wengine wakidurusu kwa sauti ya chini, na kijana wa Molo alikuwa akimsahihisha mwenziwe.