Mkulima Aliyepiga Picha za Theluji

Watu wakaao katika nchi za joto huiona theluji kwa mbali tu, kama ule weupe ulio juu ya kilele cha Kilimanjaro. Lakini theluji ikianguka huja chembe moja moja, na kila chembe ina mapambo ambayo jicho tupu haliwezi kuyaona yote.

Katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, Marekani, alizaliwa mwaka 1865 mtoto jina lake Wilson Bentley. Baba yake alikuwa mkulima. Mama yake, aliyepata kuwa mwalimu, alimpa hadubini, yaani chombo cha vioo kikuzacho vitu vidogo. Kijana akatazama theluji, akastaajabu. Akajaribu kuichora, lakini kila chembe iliyeyuka kabla mkono haujamaliza kazi, na umbo lile likapotea lisirudi tena. Basi akataka kamera ya kuungwa na hadubini. Baba yake aliona jambo hilo ni upuuzi, walakini alitoa fedha. Tarehe 15 Januari 1885 Bentley akapata picha yake ya kwanza.

Kazi ilikuwa hivi. Theluji ikianguka, alisimama nje na ubao mweusi kuikinga. Akiona chembe nzuri, aliinua kwa kijiti, akaiweka juu ya kipande cha kioo, akailaza kwa unyoya. Kazi hiyo ya kioo aliifanya katika chumba kisicho na moto, huku amezuia pumzi, maana pumzi moja yatosha kuiharibu.

Chembe hizo huwa na pande sita, kwa sababu maji yagandapo kuwa barafu hujipanga kwa mafungu ya sita. Matawi yake hukua kwa kadiri ya baridi na unyevu wa mawingu inayopita. Na kwa kuwa kila chembe ina njia yake, sura zao ni nyingi mno. Bentley alipiga picha zaidi ya 5,000. Hata mafundi wa vito walizitaka, wapate kuiga nakshi zake.

Hata hivyo alilaumiwa. Gustav Hellmann, Mjerumani mwenye elimu ya hali ya hewa, alisema picha zile zimetengenezwa. Neno hilo lilikuwa na kweli ndani yake: Bentley alikwangua kwa kisu pembeni mwa umbo, katika nakala ya picha, ili weupe uonekane juu ya weusi. Tena alichagua chembe zilizo kamili, ilhali theluji nyingi huanguka imevunjika au imepindika. Kwa mtu atafutaye uzuri, hilo si kosa; lakini atakaye kujua theluji ilivyo hana budi kuambiwa.

Mwaka 1931 kilitoka kitabu chenye picha zake zaidi ya 2,400. Mwezi Desemba wa mwaka huohuo Bentley akafa kwa homa ya mapafu, palepale Jericho.