Funga Daftari, Jiulize

Kila Oktoba, mtihani wa kidato cha nne ukinukia, taa za mabweni mengi ya Mbeya na Iringa huwaka hadi usiku wa manane. Wanafunzi wanapiga msuli: wanasoma notsi, wanazipigia mistari, wanazirudia tena. Mzazi akiliona daftari limechakaa hivyo, huamini kazi imefanyika. Nadai kwamba sehemu kubwa ya jasho hilo huenda bure, maana kumbukumbu hukomaa kwa kuitwa mara kwa mara, wala kusoma tena na tena hakuiiti.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma vipindi vinne. Jingine lilikisoma kipindi kimoja tu, na vipindi vitatu vilivyobaki likaandika kwenye karatasi tupu kila lililokumbuka. Dakika 5 baadaye, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: wao walikumbuka asilimia 40, wenzao 61. Na hao walioshindwa ndio waliokuwa wamejiamini zaidi kwamba watakumbuka! Mtego uko hapo. Macho yakipita mara ya tano kwenye ukurasa, kila sentensi huwa imeshazoeleka, na mtu hudhani kulitambua jambo ndiko kulijua.

Chukua somo la upinzani wa Wahehe, chini ya chifu wao Mkwawa, dhidi ya Wajerumani. Anayesoma tu huyaona majina Lugalo, Kalenga na Mlambalasi, akaridhika. Anayejipima hufunga daftari na kujiuliza: tarehe 17 Agosti 1891 Mkwawa alimshinda nani pale Lugalo? Emil von Zelewski. Ngome ya Kalenga ilianguka lini? 1894. Mkwawa alijiua mwaka gani ili asikamatwe? 1898. Fuvu lake lilirudishwa lini kutoka Ujerumani? Hapa pengine atakwama, na si hasara, kwani akifungua daftari na kukuta 1954, jibu hilo litamkaa. Muhimu asiache kusahihisha, maana kosa lisilosahihishwa nalo hukaa. Kisha aurudie mtihani wake kesho, baada ya siku tatu, na wiki ijayo. Tangu mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alishaonesha kuwa marudio yaliyoachanishwa hushinda yale ya mkupuo mmoja.

Wapo watakaosema huku ni kukariri kulekule. Karpicke alilijibu hilo mwaka 2011 akiwa na Janell Blunt: waliojipima waliwashinda waliochora michoro ya kuunganisha dhana, hata kwenye maswali ya kufikiri. Hata hivyo pingamizi hilo lina ukweli wake, maana hakuna kumbukumbu ya jumla inayoweza kunenepeshwa. Mwanafunzi mmoja wa Marekani aliyechunguzwa na Anders Ericsson na wenzake alianza kwa kukumbuka tarakimu 7, na baada ya mazoezi ya saa 230 hivi akafika karibu 80. Alikuwa mwanariadha, akazigeuza tarakimu kuwa muda wa mbio. Alipopewa herufi badala yake, alirudi kwenye 6 hivi. Mama anayeuza ndizi sokoni Mwanjelwa, Mbeya, anaweza kukumbuka madeni ya wateja wake wote bila kuandika, kwa sababu anawajua na biashara anaijua, lakini namba mpya ya simu ikamtoka papo hapo. Kuelewa ndiko kunakolipa jambo mahali pa kushika. Kwa hiyo wauzaji wa vidonge vya kuongeza akili (nao hawakosekani msimu huu) hawana cha kumpa mtoto ambaye somo lenyewe halijamwingia.

Pingamizi zito zaidi ni la muda: silabasi ni ndefu, siku zimeisha. Basi na ikumbukwe kwamba ubongo huyapanga na kuyaimarisha mambo ya mchana wakati mtu amelala. Anayekesha hujinyima kipindi kile ambacho kazi yake ingekamilika, halafu anaingia chumba cha mtihani akisinzia. Mzazi, usiku wa leo lichukue daftari la mwanao, muulize maswali matano kutoka humo, msahihishe alipokosea, kisha mzimie taa alale.