Mshairi na Mwandishi wa Hadithi

Wanafunzi wetu hutuuliza mara nyingi: kwa nini mshairi asiseme maneno yake wazi, kama asemavyo mwandishi wa hadithi? Na tutazame kazi za watu wawili.

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858, hali ni mgonjwa, ili amwachie binti yake mawaidha. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani 8. Vitatu vina kina kimoja, na cha nne hurejea kina kile kile toka mwanzo hata mwisho. Basi binti aliweza kuyahifadhi moyoni, ayakumbuke hata siku ambayo mama hayupo. Angaliandikiwa barua tu, huenda ingaliliwa na mchwa.

James Mbotela, katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa cha mwaka 1934, alikuwa na haja nyingine. Hatudai tuhifadhi maneno. Atutaka tufuatane na watumwa hatua kwa hatua, toka kutekwa hata kukombolewa. Kwa safari ndefu kama hiyo mizani ingalimbana.

Kwa hiyo haifai mwalimu kumwambia mtoto aeleze ubeti kwa maneno mepesi, kisha kitabu kikafungwa bila utenzi kusomwa kwa sauti. Kosa hilo nasi tumelitenda miaka mingi.